Ndoo 12 za Nyanya Langoni: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Juu ya dari ya nyumba ya ami yangu, mtaa wa Langoni mjini Lamu, kulikuwa na ndoo 12 za nyanya aina ya Money Maker zilizogoma kukua. Mbegu zilisiwa mwisho wa Novemba, miche ikahamishiwa ndooni kabla mwaka haujageuka, na hesabu ya mwenyewe ilikuwa apate nyanya za kachumbari mwezi wa Ramadhani ukiandama. Kufikia katikati ya Februari hapakuwa na mche uliopita kimo cha goti. Maua yalitoka yakapukutika. Matunda machache yaliyoshika yalianza kuharibika chini yakiwa bado mabichi.

Ami amestaafu kazi ya bandarini, wakati anao na subira anayo. Hakuna jioni aliyoacha kuyamwagilia. Aliponiita alikuwa ameshachukua shauri la watu wengi, na kila mmoja aliona ugonjwa wake. Jirani alisema ni virusi vya kukunja majani. Duka la pembejeo lilimuuzia dawa ya wadudu, kisha mbolea ya kunyunyizia majani. Mpwa wake aliyeko Mombasa akamwambia kwa simu asage maganda ya mayai, aongeze jivu na chokaa kidogo. Mke wake, aliyekuwa akiyasikia yote hayo, akasema ni jicho tu: mimea imesifiwa mno na wageni.

"Panda juu uzione hizi tungule, mwanangu," ami aliniambia. "Mimi zimenishinda."

Dalili zilikuwa nyingi, na hapo ndipo penye ugumu. Majani ya chini yalikuwa yameungua kingo, kahawia, makavu kiasi cha kuvunjika ukiyagusa, na katikati yake yalikuwa kijani kizito kinachoelekea buluu. Majani machanga ya kileleni yalikuwa ya manjano huku vishipa vikibaki kijani, waweza kuvifuata kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Majani ya katikati ya mmea yalijikunja kwa urefu, kingo zikielekea juu. Vikonyo vya maua vilikatika pale penye kifundo kidogo, ua zima likaanguka. Matunda yalikuwa na doa jeusi kitakoni, kavu, lililobonyea, bila ukungu wala harufu. Na mche mmoja wa kwenye kona ulikuwa ukilala kila adhuhuri na kuamka magharibi.

Mtu akizikabili dalili hizi moja moja atanunua dawa tano. Mimi huona ni afadhali kwanza kutafuta mmea ambao haukuugua, kisha kuuliza unatofautiana vipi na wenziwe. Pale darini ulikuwapo. Karibu na tangi la maji ya mfereji palikuwa na mnyanya wa 13 ambao ami hakuuhesabu kwa sababu hakuupanda. Mbegu iliangukia kwenye kopo la zamani lililotoboka kwa kutu, likiwa limejaa vumbi na taka za makuti, chini ya koki inayovuja. Ulikuwa umepanda ukuta mpaka usawa wa kifua, majani mapana, vichala vya nyanya ndogo vikining'inia. Jua ni lile lile na upepo ni ule ule. Inzi weupe ni wale wale. Hakuna aliyeupigia dawa wala kuutilia mbolea.

Kuna jambo la kujihadhari nalo hapa. Mnyanya ule ulikuwa wa aina ya matunda madogo, na nyanya ndogo kwa kawaida huvumilia joto kuliko zile kubwa. Kwa hiyo kustawi kwake peke yake hakukuthibitisha kitu. Ulituonyesha tu pa kuanzia: huu ulikunywa maji ya mfereji, na zile ndoo 12 zilikunywa maji ya kisima.

Kabla ya kuyashika maji niliwaondoa washukiwa wengine. Virusi vya kukunja majani huenezwa na inzi weupe na huanzia kichwani mwa mmea: majani mapya hutoka madogo, yamejikunja mithili ya kikombe, kingo zikiwa za manjano, na kilele chote hudumaa. Hapa yaliyojikunja ni yale yaliyokwisha komaa, mazito na magumu mkononi, na kule juu majani yalikuwa yamenyooka ingawa yamepauka. Kujikunja kwa namna hiyo ni mmea kujipunguzia jua unapokosa maji ya kutosha. Tuta absoluta, yule nondo aliyeingia Kenya mwaka 2014 na kuwatia hasara wakulima wengi, buu wake hula nyama ya jani na kuacha ngozi mbili. Ukilinyanyua jani dhidi ya jua utaona mabaka yanayopitisha mwanga, na uchafu wake mweusi umo ndani. Niliyanyanyua mengi sikuona baka. Madoa yenye duara ndani ya duara, alama ya bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu wa majani, hayakuwapo. Chumvi ya hewani inayoletwa na upepo wa bahari nayo huunguza majani, lakini huunguza zaidi upande unaopigwa na upepo, na hapa pande zote zilikuwa sawa.

Basi nikazitazama ndoo zenyewe. Zilikuwa ndoo za rangi za lita 20, na juu ya udongo, kuzunguka ukingo, palikuwa na utando mweupe mgumu. Utando huo Lamu huweza kuwa vitu viwili. Huweza kuwa chokaa, maana kisiwa kimekaa juu ya matumbawe na mchanga wa magamba ya baharini, na huweza kuwa chumvi. Kuvitofautisha hakuhitaji maabara. Kipande ukikitia kwenye ulimi, chumvi itajitambulisha yenyewe. Kipande kingine ukikikamulia ndimu, chokaa itatoa povu. Cha ami kilikuwa cha chumvi kali, na kilipokamuliwa ndimu kikatoa povu pia. Vyote viwili vilikuwamo.

Kwa wasioijua Lamu, maji yake yanataka maelezo. Nyumba nyingi za zamani zina kisima ndani. Maji matamu ya mvua hukaa chini ya ardhi yakielea juu ya maji mazito ya bahari, na tabaka hilo mjini ni jembamba. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, mvua ni haba, watu huteka, tabaka hupungua na chumvi hupanda. Maji ya mfereji hutoka visima vya Shela, ambako matuta makubwa ya mchanga hunyonya mvua na kuihifadhi. Kwa kuwa maji hayo huja kwa zamu, ami aliyaweka kwa kunywa na kupikia, mimea ikapewa ya kisima. Ni akili ya kawaida kabisa, na kila mtu pale mtaani angefanya vivyo hivyo.

Kijana mmoja anayeuza maji ya kusafishwa ana kipimo kidogo cha umbo la kalamu, kile kinachochovywa kwenye glasi na kusoma wingi wa chumvi kwa mikrosimensi kwa sentimita: namba ikipanda, chumvi imezidi. Tukakiazima. Maji ya mfereji yalisoma 800 na kitu. Ya kisima yalisoma karibu 3,200. Kisha tukatoboa ndoo moja ubavuni, tukamimina maji ya mfereji polepole mpaka yakaanza kutoka upande wa pili, tukayakinga na kuyapima: zaidi ya 7,000. Ami alikitikisa kile kipimo akidhani kimeharibika, akakichovya tena.

Kwa nyanya, vitabu vya kilimo vya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa huweka mpaka wa maji ya kumwagilia kwenye 1,700. Hapo mavuno hayajapungua. Yakifika 3,400 robo ya mavuno imepotea, na yakifika 5,000 imepotea nusu. Hesabu hizo ni za shamba ambalo maji ya ziada huzama chini na kuondoka na sehemu ya chumvi. Ndoo za ami hazikuwa na tundu hata moja. Alipojaribu kuzitoboa mwanzoni, maji yalishuka darini yakatia doa boriti za chumba cha wajukuu, mke wake akapiga marufuku, na suala likafungwa.

Hapo ndipo kisa kilipojifungua. Mmea huvuta maji na kuiacha chumvi nyuma. Jua likikausha udongo, linachukua maji tu. Maji yenye kusoma 3,200 yana chumvi kiasi cha gramu 2 kwa lita. Ndoo moja ikinyweshwa lita 2 kila jioni, kwa mwezi ni lita 60, yaani gramu 120 za chumvi, takriban nusu kikombe cha chai, na hakuna hata chembe iliyopata njia ya kutoka. Baada ya mwezi wa pili mizizi inaogelea katika udongo ulioloa ambao haiwezi kuunywa. Chumvi huyavuta maji kutoka kwenye mzizi namna inavyoyavuta kutoka kwa samaki anayetengenezwa ng'onda. Kudumaa, kingo kuungua na rangi ile nzito ya buluu vyote vimetokea hapo. Ami alipoona majani yamelegea mchana, jioni aliongeza maji ya kisima, na kila nyongeza ilizidisha deni.

Kuoza kitako nako kuna mkono wa chumvi, ingawa ndicho kilichowachanganya washauri wengi. Ni kweli kwamba doa lile hutokana na tunda kukosa kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa. Lakini udongo wa Lamu una kalisi ya kuuza. Kinachokosekana ni usafiri: kalisi husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na majani, kwa kuwa ndiyo yanayopumua zaidi, huyavutia maji kwao, tunda likabaki la mwisho. Mizizi ikizuiwa na chumvi, au ndoo ikikauka adhuhuri na kuloweshwa jioni, ncha ya tunda ndiyo hufa njaa kwanza. Maganda ya mayai juu ya udongo kama huo ni mapambo. Huchukua muda mrefu sana kuoza, na katika udongo wenye chokaa nyingi hayaozi karibu kabisa.

Jivu na chokaa ndivyo vilivyoleta madhara. Nyanya hupenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 6 mpaka karibu 7; chokaa huipandisha. Udongo wenye matumbawe huwa umeshapita hapo, na ukiuongezea jivu unaufunga zaidi. Madini ya chuma yanakuwamo lakini mizizi haiwezi kuyayeyusha, majani machanga yakatoka ya manjano na vishipa vya kijani. Kumbuka kwamba yalikuwa majani machanga. Upungufu wa magnesi hutoa sura inayofanana na hiyo, ila huanzia majani ya chini, kwa sababu magnesi mmea huweza kuihamisha kutoka jani la zamani kwenda jipya, na chuma hauwezi. Mtu aliyeuziwa chumvi ya magnesi kwa majani ya manjano ya kileleni ameuziwa kitu ambacho hakihusiki.

Kuhusu maua sikumpa ami matumaini. Chumvi ilichangia, lakini sababu kubwa ilikuwa joto. Chavua ya nyanya hudhoofika mchana ukipita nyuzi 32, na usiku usioshuka chini ya nyuzi 21 hivi tayari hupunguza kushika kwa matunda. Usiku wa kaskazi Lamu hukaa kwenye nyuzi 25 na zaidi. Juu ya dari, ukuta wa mawe uliopigwa jua kutwa huendelea kutoa joto baada ya isha. Hakuna dawa ya hilo dukani, japo wapo wanaoiuza. Kinachosaidia kidogo ni kuvitikisa vichala vya maua asubuhi, saa tatu au saa nne, ili chavua ianguke. Ua la nyanya hujizalisha lenyewe na linataka mtikiso tu, wa upepo au wa wale nyuki wakubwa wanaotoboa mbao. Mke wa ami alichukua kazi hiyo, anavigonga kwa kijiko cha mbao. Sikusikia tena habari za jicho.

Ule mche wa kona ndio uliokuwa na kisa chake pekee. Ulilala mchana na kuamka jioni, na majani yake hayakuungua sana kushinda wenziwe. Niliukata shina karibu na udongo, nikakisimamisha kipande kwenye glasi ya maji safi. Mnyauko wa bakteria hujitangaza hapo: uzi mweupe wa maziwa hushuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache. Maji yalibaki safi. Tukang'oa mizizi, na mizizi ikaeleza: ilikuwa na vinundu vya ukubwa wa punje za pilipili manga, vimeshikamana, haviwezi kubanduliwa bila kuukata mzizi. Minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi. Ami akakumbuka kwamba udongo wa ndoo ile aliutoa kwenye kitalu cha bilingani cha jamaa yake, na zile nyingine aliuchanganya mwenyewe kwa mchanga na samadi ya punda. Bilingani na nyanya ni ukoo mmoja na minyoo yao ni ile ile. Mche ulitupwa, udongo ukatiwa maji, ukafungwa ndani ya nailoni angavu na kuachwa juani wiki sita.

Matibabu ya waliobaki yalianza kwa kuwapunguza. Kuosha chumvi kunataka maji matamu yasiyopungua ujazo wa udongo, na ukitaka kuosha vizuri, mara mbili. Udongo wa lita 15 unataka lita 30, na kwa ndoo 11 hayo ni maji ambayo nyumba haina. Tulichagua minne yenye shina nene na kilele hai, mingine ikang'olewa. Ami alisononeka, lakini kuokoa yote ingekuwa kuosha kila mmoja nusu nusu. Tuliitoboa ndoo kwa msumari uliotiwa moto, matundu manne ubavuni, vidole viwili juu ya kitako, tukaziweka juu ya vipande vya boriti na chini tukatandika sinia kuukuu za kukinga. Dari haikuloa, na marufuku ikaondolewa. Maji tuliyamimina kikombe kwa kikombe asubuhi nzima mpaka yanayotoka yakasoma chini ya 2,500.

Baada ya hapo maji ya mfereji tu, kidogo asubuhi na kidogo jioni badala ya mengi mara moja, na kila juma ndoo humwagiwa mpaka sinia ijae, kisha sinia inamwagwa mbali. Jivu, chokaa na maganda yalikoma. Madini ya chuma tuliyanyunyizia majani mara mbili, kwa kuwa kupitia udongo ule yangefungwa vile vile. Pazia la makuti lilitundikwa upande wa magharibi kukata jua la alasiri. Juu ya udongo tulitandaza makumbi ya nazi, na hapo nilimzuia ami kwa wakati: alitaka kuleta makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba. Hayo yameloweshwa na bahari kwa miezi. Tukatumia ya uani, yaliyonyeshewa na mvua.

Ili nijue kama ni maji kweli na si kivuli au makumbi, mmoja wa ile minne tuliufanyia yote hayo lakini ukaendelea na maji ya kisima, ukiwa umetobolewa na kuoshwa kama wenziwe. Ulipumua kwa muda, kisha kingo za majani mapya zikaanza kuungua tena. Wale watatu walitoa majani mapya ya kijani kabla Machi haijamalizika. Majani ya zamani yalibaki na makovu yake, hayo hayaponi, na matunda yaliyokwisha pata doa jeusi tuliyakwanyua yasile nguvu ya bure.

Ramadhani ilipita na nyanya za sokoni, zilizovuka kutoka Mokowe, upande wa bara. Za darini zilishika sawasawa masika yalipoingia, maji ya mvua yalipoanza kufanya kazi ambayo sisi tuliifanya kwa kikombe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dari ya mita 20 za mraba ikipata mvua ya milimita 10 inakupa lita 200, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Lamu. Ami ameweka pipa lenye mfuniko chini ya mlizamu. Mbegu mpya amezisia mwezi huo ili maua yaje wakati wa kusi, mchana unaposhuka mpaka nyuzi 28 hivi, na nusu yake ni mbegu za ule mnyanya wa chini ya tangi. Nusu nyingine ni Money Maker. Nimemweleza, hasikii, nyanya ndogo kwake ni za watoto.

Ndoo zilizobaki tupu zimepandwa spinachi, ambayo ni ya ukoo wa kiazisukari na chumvi ya kisima haiisumbui sana ikiwa ndoo ina matundu. Imestawi kupita kiasi. Ami hali spinachi, kwa hiyo mke wake huikata na kuwagawia majirani, pamoja na yule aliyesema ni virusi.